Mhunzi Ana Sehemu Gani katika Damu?

Wahenga walinena: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii hutajwa aghalabu kumsuta mtu anayemtenda mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe asingelistahimili. Lakini ikitazamwa kwa makini, inaonekana kuwa imewahusu watu wawili tu: mwenye kuushika mkuki na mwenye kuchomwa nao. Hakutajwa aliyekifua chuma chake, wala aliyeuchonga uti wake, wala aliyechekecha mchanga wa mtoni ili chuma hicho kipatikane. Methali imewaacha nje ya shtaka. Je, imewaacha kwa haki, au kwa kuwasahau?

Swali hili ni la kale, lakini halijazeeka. Katika viwanda vya bastola vya Marekani na Ulaya, silaha moja hupita mikononi mwa watu wengi wasiojuana kabla haijawa silaha. Mmoja huyeyusha, mwingine husubu, wa tatu hukereza, wa nne huunganisha, na wa tano huuza. Likitokea la kutokea, kila mmoja huweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba yeye hakutengeneza bastola, bali alitengeneza kipande. Ili kuupima udhuru huo, ni vyema kuanza mahali ambapo mikono ilikuwa michache na majina ya wenye mikono hiyo yalijulikana. Mahali hapo ni Upare.

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi huiona milima ya Upare upande wake wa kulia. Mji wa Same umekaa chini, katika uwanda mkavu wenye miiba na vumbi, ilhali juu yake mna ukungu, migomba na mifereji ya maji. Kaskazini zaidi, katika nchi ya Usangi na Ugweno, vijito viteremkavyo milimani huleta mchanga mweusi ulio mzito kuliko mchanga mwingine. Mchanga huo una chuma. Watu wa milima hiyo waliuchekecha, wakauosha, wakautia tanurini pamoja na makaa, na wakaupuliza moto kwa mivukuto ya ngozi hadi chuma kikajitenga na taka zake na kubaki donge. Donge hilo lilipashwa moto tena na kupigwa juu ya fuawe, likawa jembe, shoka, kisu au mkuki.

Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Katika Ugweno uhunzi ulihusishwa na ukoo wa Washana, na mapokeo yanasimulia kwamba ukoo huo ndio ulioitawala nchi hiyo hapo kale. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, ameeleza jinsi Washana walivyopinduliwa na ukoo wa Wasuya, ambao walijenga utawala mpya. Washana waliondoka katika enzi, lakini hawakuondoka katika uhunzi. Waliendelea kujulikana kwa nyundo na moto wao. Yawezekana kusoma mambo mengi katika kisa hicho, na mojawapo ni hili: mwenye chuma alikuwa na nguvu iliyowahusu wote, na kwa hiyo wote walikuwa na haki ya kuuliza anaitumiaje. Uhunzi haukuwa kazi ya mtu ajifichaye. Aliyefua alijulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa mlima aliokaa.

Chuma cha Upare hakikubaki Upare. Kilimanjaro ni mlima mkubwa wenye rutuba, lakini Wachaga walitegemea kwa kiasi kikubwa chuma kilichotoka kwa jirani zao wa Ugweno. Wahunzi wa Uchaga walikipokea, wakakifua upya, na mikuki yao ikawa na sifa. Mikuki hiyo ilishikwa na vijana wa watawala wa Kichaga waliopigana wao kwa wao, na mingine ilinunuliwa na Wamasai wa nyikani. Katika karne ya 19 milima ya Upare yenyewe haikusalimika na mashambulizi. Hakuna kitu kilichoweza kuzuia chuma kilichoshuka Ugweno kwa amani, kikiwa donge tu, kisipande tena milimani kikiwa ncha. Hapo ndipo swali la methali linapoanza kuuma. Mtu aliyechekecha mchanga kijitoni, aliyefukuta tanuri, na aliyeufua mkuki kule Uchaga: nani kati yao anadaiwa ng'ombe walioswagwa na kijana aliyeanguka mlangoni kwa mama yake?

Wamasai walikuwa na jawabu lao. Miongoni mwao wahunzi ni watu wa ukoo wa peke yao, waitwao ilkunono, na kwa muda mrefu hawakuoana na wengine. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walioandika habari za Wamasai wameeleza sababu waliyopewa: mhunzi ni najisi kwa kuwa yeye ndiye atengenezaye silaha, na silaha ndizo ziwashawishizo watu kumwaga damu. Wameeleza pia kwamba shujaa alipopokea kwa mhunzi kitu kilichofuliwa, alijipaka mafuta mikononi kwanza, ili unajisi wa mhunzi usimshike.

Desturi hiyo inastahili kutafakariwa kwa utulivu. Kwa upande mmoja, Wamasai waliona jambo ambalo methali ya pwani haikulisema, yaani kwamba mtengenezaji hayumo nje ya damu. Kwa upande wa pili, waligawa lawama kwa namna ya ajabu. Mhunzi asiyekwenda vitani alibaki na unajisi, ilhali shujaa aliyekwenda vitani alitakasika kwa mafuta kidogo. Mafuta hayo yamebadilika sura mara nyingi tangu wakati huo. Yamekuwa mkataba, yamekuwa kibali, yamekuwa ankara yenye muhuri. Lakini kazi yake ni ile ile: kumwezesha mtu kuupokea mkuki bila kupokea habari zake.

Watu wa visiwani wasidhani kwamba mazungumzo haya ni ya bara peke yake. Katika karne ya 19 bandari ya Unguja ilikuwa mlango mkuu wa bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki. Bunduki za gumegume na za fataki zilishushwa hapa kwa makumi ya maelfu, zikavushwa hadi mrima, zikapanda na misafara kuelekea bara, na misafara ikarudi na pembe na watu. Njia mojawapo ilifuata bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara na Upare. Baada ya kufariki Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, mwaka 1862, mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, kando ya njia hiyo, kwa bunduki alizozipata kwa wafanyabiashara. Vita na utekaji wa watu viliienea nchi, na Upare uliionja sehemu yake. Mfanyabiashara aliyekaa barazani Mji Mkongwe akihesabu faida ya mabunda yake hakumwona hata mtekwa mmoja wa Upare akifungwa kamba. Aliona bunduki zikitoka na pembe zikiingia. Mwaka 1890 mataifa yalipokutana Brussels kujadili biashara ya watumwa, yalipitisha pia masharti ya kuzuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kwani ilikwishadhihirika kuwa mambo hayo mawili yalikuwa yakisafiri pamoja.

Bunduki za biashara ya Afrika zilitengenezwa wapi? Miongoni mwa miji iliyopata jina kwa kazi hiyo ni Liège ya Ubelgiji na Birmingham ya Uingereza. Huko Birmingham bunduki haikutengenezwa na mtu mmoja. Alikuwapo fundi wa kasiba, fundi wa mtambo wa kufyatulia, fundi wa kitako cha mti, na wengine wengi, kila mmoja katika karakana yake ndogo, na vipande vilichukuliwa kutoka mlango hadi mlango mpaka vikafika kwa aliyeviunganisha. Katika mji huo huo, mwishoni mwa karne ya 18, swali la mhunzi na damu liliwahi kuulizwa kwa uwazi usio wa kawaida.

Samuel Galton mdogo alikuwa tajiri wa kiwanda cha bunduki mjini humo, na bunduki za ukoo wake ziliuzwa pia katika biashara ya Afrika ya Magharibi. Yeye alikuwa mfuasi wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu la Kikristo lenye kukataa vita vyote. Ni dhehebu hilo hilo ambalo mwaka 1897 lilifungua misheni kisiwani Pemba kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Mwaka 1795 wenzake wa Birmingham walimkabili na kumtaka aiache kazi hiyo. Galton hakukubali, na mwaka uliofuata alitoa utetezi wake kwa maandishi. Alisema kwamba kutengeneza silaha si kuafiki matumizi yake mabaya, kwani silaha hulinda pia. Alisema kwamba kazi hiyo aliirithi kwa wazazi wake, na kwamba jumuiya ilikuwa imeiona miaka yote bila kunena neno. Kisha alitoa hoja iliyo nzito kuliko zote: lau mwenye kiwanda cha bunduki ana hatia, basi na walipa kodi wanaogharimia vita wana hatia, na wote ambao kazi zao zinalisha vita kwa njia moja au nyingine. Nani atakayesalia? Marafiki walisikiliza, na mwaka 1796 wakamtenga.

Hoja ya Galton haikufa naye. Ipo hai, na makazi yake ya leo ni ndani ya kitu ambacho wasomaji wengi hawajapata kukitazama kwa karibu: kiunzi cha bastola.

Neno kiunzi wapwani wanalijua kwa vyombo vya baharini, ambako ni ule mfumo wa mbao unaobeba mbao nyingine zote. Bastola nayo ina kiunzi. Juu yake hukaa kile kipande cha chuma kinachorudi nyuma kila risasi itokapo, na kasiba ndani yake. Kiunzi chenyewe kina mshiko, nafasi ya kasha la risasi, na pahali pa kifyatulio. Kuna njia tatu kubwa za kukitengeneza. Ya kwanza ni kufua: chuma cha pua au aluminiamu iliyopashwa moto hugandamizwa ndani ya kalibu kwa nguvu ya mashine. Ya pili ni kusubu: hutengenezwa mfano wa nta, ukazungushiwa udongo maalumu mpaka ukawa ganda gumu, nta ikayeyushwa ikatoka, na chuma cha moto kikamiminwa mahali pake. Ya tatu ni plastiki ngumu ya jamii ya nailoni, isukumwayo ndani ya kalibu na kushikana na vipande vya chuma vilivyopangwa humo. Baada ya hapo mashine ziongozwazo na kompyuta hukereza mifuo na matundu kwa vipimo vya nywele.

Makampuni mengine hufanya yote hayo chini ya paa lao. Mengine hununua viunzi vibichi kwa wasubuji na wafuaji wa nje, kisha huvikamilisha na kuvipiga chapa zao. Tanuri lisubulo kwa nta halina jicho la kuchagua. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Marekani ya Sturm, Ruger, iliyojulikana ulimwenguni kwa bunduki na bastola za kusubu, ilisubu pia vichwa vya titaniamu vya fimbo za gofu za kampuni ya Callaway. Mzee wa Ugweno angelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa, kwani tanuri lake nalo lilitoa jembe na mkuki kutoka katika mchanga mmoja.

Katika miaka hiyo hiyo kiunzi cha bastola kilipata nyongeza. Chini ya kasiba, mbele ya kifyatulio, kilichongwa mifuo miwili ya sambamba, na ikaitwa reli. Bastola ya Glock, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, haikuwa na reli hapo mwanzo. Ilipewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa bastola yenye mifuo ya kubebea taa mwaka 1993. Mwaka 1995 jeshi la Marekani liliweka kipimo kimoja cha reli za silaha, kikapewa jina la ghala la Picatinny lililoko New Jersey. Faida ya kipimo kimoja iko wazi: kifaa cha mtengenezaji yeyote hukaa juu ya silaha ya mtengenezaji yeyote mwingine. Mmoja ataweka taa, mwingine miale ya leza ya kulengea. Mchonga reli hajui ni nini kitakachopachikwa, wala nani atakayekipachika, wala usiku gani.

Haifai kuharakisha kumlaumu. Taa iliyopachikwa kwenye bastola yaweza kumwonyesha askari kwamba aliyesimama gizani ni mtoto wala si mwizi, na uhai ukasalimika. Lakini taa hiyo hiyo humwonyesha mwuaji amwindaye. Reli ni nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi, na ndiyo maana inalisogeza swali la mhunzi mbele kuliko lilivyokuwa. Mfua mkuki alikuwa akijua anafua mkuki. Mchonga reli hutengeneza uwezekano, kisha humwachia mwingine kuujaza.

Watu wa Same wanaijua reli ya aina nyingine. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakaipitisha chini ya milima ya Usambara na Upare hadi Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikusudiwa kubeba katani, kahawa na abiria. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa kuifuata njia hiyo hiyo, na Wajerumani wakirudi nyuma mbele yao waliing'oa na kuibomoa ili isiwafae maadui. Walioijenga na walioing'oa walikuwa serikali moja. Kwa kuing'oa kwao walikiri jambo ambalo mtengenezaji hupenda kulikana: kwamba aliyefungua njia anahusika na kile kitakachopita juu yake, na kwamba anao uwezo wa kufanya jambo iwapo anataka.

Sheria nayo imejaribu kulijibu swali la kipande na kitu kizima. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, imekifanya kiunzi kuwa ndicho silaha. Namba hupigwa hapo, na vipande vingine huweza kununuliwa kama vipuri. Walitokea watu wakaona mwanya, wakauza viunzi vya plastiki ambavyo havijakamilika, vyenye kuhitaji kutobolewa matundu machache nyumbani, bila namba wala kuulizwa mnunuzi ni nani. Serikali ikatoa kanuni mwaka 2022, kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa, na mwezi wa Machi 2025 mahakama hiyo ikaiunga mkono kanuni. Swali lililokuwa mbele ya majaji lingewafaa wanafalsafa: kiunzi huwa kiunzi lini? Sheria za Umoja wa Ulaya zimechukua njia nyingine, nazo huhesabu kasiba, kiunzi na kile kipande cha juu kuwa sehemu muhimu zote. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha ndogo inavitaja vipande pamoja na silaha nzima. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoitia saini, inazitaka nchi za ukanda huu kuzitia alama silaha ili asili yake ijulikane.

Alama hizo zina kheri, wala hapana sababu ya kuzidharau. Lakini namba humjibu polisi anayeuliza silaha ilitoka wapi. Haimjibu mjane anayeuliza kwa nini ilitoka. Hapo ndipo sheria inapokoma, na maadili hayana budi kuendelea na safari.

Utetezi wa watengenezaji, kutoka Ugweno hadi Birmingham na hadi viwanda vya leo, unaweza kukusanywa katika kauli tatu. Ya kwanza: mimi nilifanya kipande tu. Ya pili: kitu changu kinafaa kwa mema na mabaya. Ya tatu: nisingelifanya mimi, angelifanya mwingine.

Kauli ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na ni haki kuikiri nguvu yake. Mashariki ya Same, chini ya milima, iko hifadhi ya Mkomazi. Katika miaka ya 1980 majangili wenye bunduki walimmaliza faru weusi katika pori hilo, na faru waliopo leo ni kizazi cha wale walioletwa upya kutoka nje tangu miaka ya 1990. Nao wanalindwa kwa bunduki. Asemaye kwamba kila silaha ni uovu mtupu na awaeleze askari wa hifadhi namna watakavyolala porini. Lakini kauli hii humtetea tu yule anayejishughulisha kujua kitu chake kinakwenda upande upi. Mtu hawezi kuyategemea mema ya bidhaa yake na wakati huo huo kusema kwamba hajui bidhaa imekwenda kwa nani. Akichukua sifa ya askari, na achukue habari za jangili.

Kauli ya kwanza hutegemea picha isiyo sahihi. Inachukulia kwamba dhima ni kama mkate, ukigawiwa watu kumi kila mmoja hupata kipande, na wakigawiwa elfu hubaki makombo. Mzigo wa mzegamzega hupungua kwa kushirikiana, lakini si kila kitu ni mzigo. Mashahidi kumi wakiapa barazani kwa kadhi, kila mmoja hasemi sehemu ya kumi ya ukweli. Wadhamini watatu wakilidhamini deni moja lote, mdai anayo haki ya kumwendea yeyote kati yao kwa deni zima. Dhima ya damu iko karibu zaidi na dhamana kuliko mkate.

Hata hivyo haisemwi kwamba wote wako sawa. Aliyechekecha mchanga kijitoni alikuwa mbali na damu. Aliyeinoa ncha alikuwa karibu. Galton alitaka ionekane kwamba ikiwa wote wamo, basi hakuna aliyemo zaidi ya mwingine, na hapo ndipo alipokosea. Umbali hupimwa kwa mambo matatu: mtu alijua kiasi gani, kipande chake kilikuwa karibu kiasi gani na mahali ambapo kitu hupata jina lake, na alikuwa na uwezo gani wa kukataa. Mlipa kodi hukosa uwezo huo. Mwenye kiwanda anao.

Yabaki kauli ya tatu, nayo ndiyo inayofichua siri ya jambo zima. Katika Ugweno ya zamani kauli hiyo ilikuwa na nguvu ndogo. Wenye ujuzi wa tanuri walikuwa wachache na walijulikana, na lau wangelizuia chuma chao, wahunzi wa Uchaga wangelikosa. Udhuru wa kuwapo mwingine huongezeka kadiri mikono inavyoongezeka. Kazi ikigawanywa kwa watu kumi, kila mmoja ana wenzake tisa wa kujificha nyuma yao. Ikigawanywa kwa watu elfu, maficho hayana mwisho. Almuradi kiwanda cha kisasa huzalisha vitu viwili kwa wakati mmoja: huzalisha silaha, na huzalisha udhuru wa silaha. Hakuna aliyekusudia kukizalisha hiki cha pili, lakini hutoka mlangoni pamoja na kile cha kwanza, na kila mfanyakazi huchukua chake akaenda nacho nyumbani.

Iwapo mtu bado anaamini kwamba tendo la mmoja kati ya wengi halina uzito, na akumbuke yaliyotokea Same kwenyewe. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakaja Same, makao ya mkuu wa wilaya, kupinga kodi iliyojulikana kwa jina la mbiru. Hawakuja kwa mikuki. Walikaa, wakapokezana, na baadaye wanawake nao wakaingia katika upinzani huo. Jambo hilo liliendelea kwa muda mrefu, na hatimaye kodi ile iliondolewa. Kila mmoja wa waliokaa pale alikuwa mtu mmoja kati ya maelfu. Kila mmoja angeliweza kusema kwamba akirudi shambani kwake hapatapungua kitu, kwani wengine wapo. Lau wangelisema hivyo wote, uwanja ungelibaki mtupu.

Wajukuu wao hawasemi kwamba kila mzee alistahili sehemu moja ya elfu ya heshima. Wanasema kwa fahari: babu yangu alikuwapo Same. Wanampa heshima nzima, na ni haki wampe. Basi ikiwa heshima ya tendo la wengi haigawanyiki, kwa hoja gani lawama ya tendo la wengi igawanyike hadi itoweke? Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo wasemavyo Waswahili. Lakini chawa akishavunjwa, vidole vyote viwili vina damu, wala hapana mafuta yanayoweza kumfanya mwenye kidole asahau kwamba alikuwapo.

Mhunzi, kwa hiyo, anayo sehemu. Kwa haki, yampasa akifuate kipande chake kwa macho baada ya kukiachia mkono, aulize kimekwenda kwa nani, na awe tayari kuzima moto wake siku atakapopata jibu baya. Jambo hilo ni gumu, wala halifanywi na wengi. Galton aliishi miaka mingi baada ya kutengwa, akiwa tajiri na mwenye heshima mjini mwake. Katika vijito vya Usangi na Ugweno mvua bado huteremsha ule mchanga mweusi, nao hukaa chini ya maji bila kuwa jembe wala mkuki, mpaka atokee mtu auchote.